Kijana Akikuletea Ndoto, Muulize Vipimo

Jumamosi mbili zilizopita mpwa wangu alikuja karakanani kwangu, Ngamiani, hapa Tanga, pamoja na wenzake watatu, wote wa kidato cha tatu. Shikamoo zilikuwa nyingi kuliko siku zote, nikajua kuna jambo. "Mjomba, tunataka kutengeneza roketi." Walikuwa wameitazama filamu ya October Sky kwenye simu, na mmoja wao alikuwa ameshakwangua vichwa vya njiti za viberiti vitatu na kuvijaza kwenye chupa ya dawa.

Niliichukua ile chupa nikaimiminia maji. Nyuso zilinyong'onyea. Nikawaambia warudi jioni tuitazame filamu pamoja toka mwanzo, kwa sababu wao walikuwa wameona moto tu.

Kwa asiyeijua, ni filamu ya 1999 na msingi wake ni kisa cha kweli. Mahali ni Coalwood, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, Marekani. Nyumba ni za kampuni ya mgodi, duka ni la kampuni, na mtoto wa kiume akimaliza shule hushuka shimoni alikoshuka baba yake. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi wanarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, na watu wa Coalwood wanasimama nje usiku kuitazama nukta ile ikikata anga. Homer Hickam, mtoto wa msimamizi wa mgodi, anaamua kuwa naye atarusha chake. Roketi ya kwanza inaulipua uzio wa mama yake.

Mimi sikuhitaji kuelezwa Coalwood ni mahali gani. Nimezaliwa kambini, katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya shamba, zahanati ilikuwa ya shamba, na king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha, kilichotupeleka kula na kilichotulaza. Baba alikuwa mtu wa korona. Korona ndiyo mashine inayoliponda na kulikwangua jani la mkonge mpaka zibaki singa, yaani nyuzi zake. Katika kilo 100 za majani unapata singa kilo 4 hivi, zilizobaki ni maji na makapi. Baba alinuka yale maji ya mkonge hata siku ya Idi, akiwa ameoga na kuvaa kanzu. Ilikuwa inajulikana bila kusemwa kwamba siku moja nitasimama alipokuwa anasimama yeye.

Mwaka 1989, nikiwa kidato cha pili, mimi na wenzangu wawili tuliingiwa na wazo la kutengeneza korona ndogo ya kuendeshwa kwa pedeli za baiskeli. Vijiji vya jirani vilikuwa na mkonge uliopandwa mipakani, na kina mama waliukwangua kwa mkono, jani moja moja, ule utomvu ukiwawasha mpaka viwikoni. Tuliamini tutawauzia mashine Tanga nzima. Nasema tuliamini, na wala sioni haya hadi leo, kwa sababu wazo lilikuwa zuri.

Tulichokosa kilikuwa fedha na akili ya kuzitafuta. Kuna tukio katika filamu ambapo wale vijana wanang'oa reli wanayodhani imetelekezwa ili wakaiuze, halafu treni inatokea. Mpwa wangu na wenzake walicheka sana hapo. Mimi sikucheka. Sisi tuling'oa vipande viwili vya reli ya toroli kule shambani, tukidhani havina mwenyewe, tukavipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mlinzi alitukamata njiani. Baba alikatwa mshahara wa miezi miwili, na miezi miwili hiyo mama aliuza maandazi asubuhi na jioni. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana yeyote, kabla ya kuzungumza habari za ndoto: kitu usichomjua mwenye nacho, usikiguse. Kulipa deni la namna hiyo huangukia watu usiowakusudia.

Filamu yenyewe inalijua hilo. Mzee Bykovsky, fundi wa karakana ya mgodi, anawachomelea wale vijana mabomba ya roketi bila ruhusa. Msimamizi, yaani baba yake Homer, anamwadhibu kwa kumpeleka shimoni. Baadaye mzee yule anafia humo humo. Nilisimamisha filamu hapo. Nikawauliza: nani mwenye kosa? Walibishana nusu saa, na sikuwapa jibu, kwa kuwa sina. Ila niliwaeleza jinsi ilivyokuwa kwetu.

Katika kiwanda chetu palikuwa na fundi kereza, mtu mzima, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Baada ya aibu ya reli nilikwenda kwake peke yangu, mchana kweupe, nikamwamkia na kumwomba atukereze shafti. Aliuliza, "Unene wake?" Nikamwonyesha kwa vidole. Akaniambia nitoke. Nilirudi siku ya tatu na kipande cha kamba nilichopimia. Akanifukuza tena. Safari ya tatu nilikwenda na daftari: unene wa shafti kwa milimita, tundu la beringi, urefu wa ngoma, mahali pa kila bolti. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akasahihisha kwa penseli, kisha akaenda mwenyewe kwa meneja kuomba ruhusa ya kutumia mashine baada ya saa za kazi. Ruhusa ilitoka, na chuma tukapewa cha mabaki. Hatukumwomba mtu huruma, tulikuwa na kurasa sita tu.

Ndiyo maana nasema kijana akikuletea ndoto, muulize vipimo. Si kwa kumkatisha tamaa. Ukimsifu ataondoka na furaha ya siku moja. Ukimwuliza unene, uzito, bei na muda, atakwenda kutafuta, na kule kutafuta ndiko kutakakomkutanisha na watu. Homer na wenzake roketi zao zilianza kupanda kweli walipoacha kubahatisha mafuta na umbo la tundu la kutokea moshi, wakakaa na vitabu na hesabu. Mwalimu wao, Freida Riley, alikuwa mtu halisi, na alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 31 tu. Katika filamu ndiye anayempa Homer kitabu kilicho juu ya uwezo wake na kumwacha ahangaike nacho. Wengi wetu tulikuwa na mwalimu mmoja wa aina hiyo. Kama wako yu hai, mpigie simu leo.

Sasa niseme habari ya baba, kwa kuwa wazazi wengi wanaonisoma wataniuliza.

Korona yetu ilipokamilika haikukwangua kitu, ilikata. Tuliingiza jani zima, likatoka vipande kama mboga ya sukuma. Tulinoa visu, ikazidi. Wiki mbili tulikuwa nyuma ya nyumba tukinoa visu. Baba alikuwa akipita na kandili, hasemi. Tangu mkasa wa reli alikuwa haniulizi chochote, na mimi nilikuwa naficha daftari chini ya mkeka.

Jioni moja alisimama. Akalitazama jani letu lililokatwakatwa, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye kisu. "Nani kakwambieni kisu cha korona hunolewa?" Akachukua tupa, akavitia butu visu vyote, kimoja kimoja. Kisha akachana kipande cha pakiti yake ya sigara, akakikunja mara mbili, akakipitisha kati ya kisu na kitako, yaani chuma kinachopondewa jani. Akalegeza nati, akakaza, akapitisha tena karatasi, mpaka ikawa inapita kwa taabu kidogo. "Mwanya ni huu. Singa ipite, nyama ibaki. Kanyaga." Nikakanyaga pedeli. Likatoka fungu la singa, lenye uchafu bado, la kijani, lakini refu, zima.

Miaka ishirini alikuwa amesimama mbele ya mashine ile, na mimi nilikuwa nimekwenda kuomba maarifa kila mahali isipokuwa kwake. Mzazi mwenzangu, huenda huna ada ya chuo wala kompyuta, ila una mwanya wa karatasi ya sigara. Kila kazi inao. Mvuvi wa Deep Sea, pwani yetu hapa Tanga, anajua nyuzi, mama wa mkate wa kumimina anajua moto. Mpe mtoto hicho. Baba yake Homer anamkatalia mwanawe karibu filamu nzima, mpaka siku ya roketi ya mwisho, anapokuja, na mwanawe anamwachia yeye abonyeze kitufe. Chozi hunitoka kila ninapoiona sehemu hiyo. Ila namsikitikia kwa miaka aliyopoteza, kwa sababu alikuwa msimamizi wa shimo, alijua chuma na hewa na shinikizo, na mwanawe alikuwa akiyatafuta hayo hayo.

Korona yetu haikuuzwa Tanga nzima. Miguu ilichoka baada ya majani kumi na nne. Kazi ile inataka injini. Mmoja wetu alikwenda Dar es Salaam, mmoja yuko bandarini hapa hapa, na mimi nikaingia kwenye ukerezaji. Nilikuwa na miaka 34 nilipofungua karakana yangu mwenyewe. Hili filamu haiwezi kulionyesha, na vijana wanatakiwa kulijua. Homer alipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya taifa ya sayansi kule Indianapolis mwaka 1960, lakini aliingia NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1981. Katikati kuna miaka 21, na ndani yake vita ya Vietnam. Pia ile sehemu anapoacha shule na kushuka mgodini ni ya filamu tu, haikumtokea. Niliwaambia vijana wangu, na mmoja alisema afadhali. Nami naona afadhali. Asiwepo anayedhani ni lazima aache shule ili hadithi yake inoge.

Tulirudi kwenye roketi yao. Nikawapa chupa ya soda ya plastiki, vali ya tyubu ya baiskeli, kizibo cha mpira na pampu. Maji theluthi moja, hewa juu yake. Maji yanasukumwa chini, chupa inasukumwa juu, hakuna kinachoungua. Sharti: umbali wa hatua kumi, hakuna anayeinamia chupa, na kila rusho liandikwe.

Kuna tukio wanaposingiziwa kuwa roketi yao imechoma msitu, na Homer anakokotoa ilipoangukia mpaka wanaiokota. Nikawafundisha hesabu ile kwa mnazi. Nazi ikianguka sekunde 2 imetoka mita 20 hivi: nusu ya 10 (kila sekunde kasi ya kinachoanguka huongezeka kwa mita 10 hivi kwa sekunde), mara 2, mara 2. Tukaenda uwanjani. Rusho la saba lilikaa hewani sekunde 4 tangu kuondoka hadi kugusa ardhi. Sekunde 2 za kupanda, 2 za kushuka, wakapiga kelele: mnazi mzima!

Binti aliyekuwa ameshika daftari hakupiga kelele. Akasema, "Mjomba, lakini nazi ni nzito. Chupa tupu inazuiwa na hewa, haishuki kama nazi. Basi siyo mita 20." Nilimwuliza ni ngapi. Akasema hajui, ila atapata njia ya kupima kwa pembe, akiwa na kipimapembe na uzi wenye nati.

Jumamosi hii wanarudi. Wanataka kujaribu maji robo badala ya theluthi, nami nimewatafutia pampu yenye geji.