Kadi ya boti ya kukodi si leseni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwaka jana tulikodi boti ya kulala kwenye mfereji wa Canal du Midi, kusini mwa Ufaransa, nikapewa kadi na kuiendesha wiki nzima bila tatizo. Sasa nimenunua boti yangu, mita 7, injini ya farasi 20, nataka kuteremka nayo mto Saône. Jamaa mmoja ananiambia kadi ile inatosha, au nimpe hela anitafutie leseni "bila usumbufu". Ni kweli? (Msomaji, Lyon)

JIBU: Marahaba. Kadi yako ilikufa siku uliporudisha funguo. Mwenye boti alikuelekeza kidogo, akakukabidhi chombo chake cha mwendo wa kobe. Kadi ilikuwa ya safari ile tu. Swali hili naletewa kila majira ya kuchipua, na kila mara na mtu ambaye boti keshainunua!

Ufaransa, injini ikizidi kilowati 4.5, yaani farasi 6, leseni ni lazima. Wewe una 20. Unayoihitaji ni ya maji ya bara, eaux intérieures; ya pwani haikusaidii mtoni, ingawa mwenye nayo hubakiwa na mtihani wa nadharia tu.

Nadharia ni maswali 40, ukikosa zaidi ya 5 umeanguka. Hiyo utaisoma nyumbani, wala sina wasiwasi nawe. Vitendo ndivyo vinavyonikera: angalau saa 3 na nusu, 2 kati ya hizo usukani ukiwa mikononi mwako, na hakuna mtahini wa serikali. Mkufunzi mwenyewe ndiye anayetia saini, na hapo ndipo wenye kuuza saini wanapojipenyeza.

Nimewahi kumwona mtu mwenye makaratasi yote akiingia ekluzi ya kushukia (chumba cha maji chenye milango, kinachoshusha boti maji yakipunguzwa), akaikaza kamba fundo kwenye nguzo ya ukingoni. Maji yakashuka, boti ikabaki inaning'inia kwa ubavu, vyombo vya jikoni vinamwagika, watoto wanalia. Kilichowaokoa ni kisu. Kamba ya ekluzi huzungushwa tu nguzoni, ncha ukaishika mkononi, ukiilegeza kadiri maji yanavyopungua. Jambo hilo hujifunzi kwa saini ya kununua.

Huyo jamaa achana naye. Na hata shule yenye ofisi nzuri, iulize boti yao imefungwa gati gani, uende uione kwa macho kabla hujatoa yuro moja.