Maswali ya wasomaji: nani kaichoka lebo, mteja au wewe?

Mwezi huu meseji karibu zote zimekuja na ishu moja, majina mapya na nembo mpya, sijui ni mabango ya barabarani ndiyo yamewachokoza au vipi. Nimechagua nne, zile ndefu nimezikata kidogo, mnisamehe.

Hujambo mwanangu. Natengeneza achari ya embe na ndimu hapa Tanga, nilianza kwa kupima kwenye ndoo, sasa hivi nafungasha na mzigo unafika mpaka Muheza na Korogwe. Lebo yangu ina picha ya bibi kajifunga leso, na kifuniko ni cha njano. Watoto wakitumwa dukani wanasema "achari ya bibi", jina lenyewe lililoandikwa hata hawalijui. Mjukuu wangu kasomea dizaini, kanitengenezea lebo mpya nyeupe, maandishi membamba, bibi katolewa, anasema dunia ndiyo inakokwenda. Nichapishe elfu mbili? Sitaki kumvunja moyo mtoto. – Mama Achari, Tanga

Shikamoo mama. Mjukuu asininunie ila hapana, usichapishe, angalau sio elfu mbili na sio bila bibi.

Ngoja nikupe kisa cha wenye hela zao. Marekani kuna juisi ya machungwa inaitwa Tropicana, wakati huo ilikuwa mali ya PepsiCo. Boksi lake lilikuwa na picha ya chungwa zima limechomekwa mrija, yaani kama unanyonya moja kwa moja kutoka kwenye tunda. Januari 2009 wakaja na boksi jipya, chungwa limeondoka, pamewekwa glasi ya juisi, na jina wamelisimamisha wima pembeni unalisoma umepinda shingo. Juisi ni ile ile, hakuna kilichoguswa ndani. Mauzo yakaporomoka asilimia 20 ndani ya wiki chache, na Februari hiyo hiyo wakatangaza wanarudisha chungwa lao.

Sasa watu wakisimulia hiki kisa wanasema wateja walikasirika, na kweli wapo walioandika barua za kulalamika, lakini mimi naona tatizo kubwa zaidi ni kwamba wengi hawakuiona tu. Mtu kaingia dukani ana haraka, mtoto analia, jicho linatafuta lile chungwa, halipo, linaona boksi limefanana na juisi ya bei rahisi ya supamaketi yenyewe, anapita anachukua nyingine. Hakuna aliyekaa kusoma. Wewe mama una kitu ambacho wale walikitupa, una mtoto wa miaka saba asiyejua kusoma vizuri ambaye anaweza kununua bidhaa yako bila kukosea. Wapo wanaolipa mamilioni wakipate hicho na hawakipati!

Ila mjukuu ana hoja, asidharauliwe. Hata kwenye lile boksi la Tropicana kulikuwa na kitu kizuri, walitengeneza kifuniko chenye umbo la nusu chungwa, ukikizungusha ni kama unakamua, na hicho hawakukitupa, walikihamishia kwenye juisi yao nyingine ya sukari kidogo. Kwa hiyo mpe kazi ya kweli. Bibi achorwe upya na mistari iliyonyooka maana nadhani picha imeshafifia kwa kutolewa kopi juu ya kopi, uzito na tarehe ya kuisha visomeke, pabaki nafasi ya alama ya ubora ya TBS na ya msimbo wa mistari ukitaka kuingia supamaketi. Njano isiguswe. Halafu chapisha mia tu, peleka maduka mawili, mwambie muuza duka asiseme chochote, usikie watoto wanaagizaje.

Na kingine, hilo jina "Achari ya Bibi" nenda BRELA, ofisi ya usajili wa biashara, ulisajili kama alama ya biashara kabla mjanja mwingine hajaenda. Ukipanga kuuza Unguja na Pemba ujue Zanzibar ina usajili wake, ule wa bara hauvuki maji.

Kaka mambo, hivi haya makampuni makubwa yana hela za kuchezea au? Tigo imekuwa Yas, Barclays ikawa Absa, na sisi wa zamani tunakumbuka Celtel ikawa Zain hatujakaa sawa ikawa Airtel. Kwa nini wasitulie? – Msomaji, Morogoro

Poa kaka. Hao wote uliowataja hawakubadilisha kwa kupenda, angalau sio kwa sababu unazofikiria. Jina nalo ni mali, lina mwenyewe, kampuni inaweza kuuzwa na jina lisiuzwe. Tigo ni jina la kampuni ya simu ya Millicom, na mpaka leo wanalitumia kule Amerika ya Kusini na ya Kati, Paraguay, Bolivia, Guatemala huko. Biashara ya Tanzania waliiuza, muuzaji akakamilisha kuondoka 2022, mnunuzi ni kundi lililoongozwa na Axian. Sasa huwezi kumlipia mtu mwingine jina lake milele na wewe una mitandao yako Madagaska, Togo, Senegali na Komoro, kila mmoja unaitwa kivyake. Novemba 2024 wakazivalisha zote sare moja, Yas. Barclays vile vile, wenyewe wa Uingereza walianza kuuza hisa zao za Afrika 2016, wakiondoka wanaondoka na jina, Februari 2020 Absa ikapanda kwenye mabango. Celtel waliinunua Wakuwait, 2008 wakaipa jina lao la Zain, 2010 Bharti ya India ikazinunua biashara za Afrika kwa dola bilioni 10.7 na jina likawa la Mhindi. Hapo hakuna ubunifu wa maketingi, ni mikataba.

Wa kuwashangaa ni wale ambao hakuna aliyewafukuza. HBO Max, wale wa filamu za mtandaoni, waliondoa HBO 2023 ikabaki Max, 2025 wakairudisha, kizunguzungu mpaka wenyewe wakawa wanajitania. Gap, wale wa nguo, walibadilisha nembo Oktoba 2010, watu wakaizomea mtandaoni na wiki moja baadaye ya zamani ikarudi. Twita iliitwa X tangu Julai 2023 na wewe mwenyewe najua bado unasema twita.

Ninavyoona mimi ni hivi, mtu anayekaa ofisini anaiona nembo yake kila siku, kwenye kalamu, kwenye kikombe, kwenye kila karatasi, baada ya miaka mitatu kaichoka hawezi hata kuiangalia, anadhani na dunia imeichoka. Mteja anaiona dakika moja kwa wiki. Hajaichoka, ndiyo kwanza anaanza kuizoea. Ongeza na mkurugenzi mpya anayetaka ionekane kafika, basi hapo ujue nembo haina maisha.

Niko mwaka wa pili nasoma biashara Nairobi. Mwalimu alituonyesha tangazo la Jaguar la 2024 ambalo halikuwa na gari hata moja, akasema limeua kampuni, mauzo yameshuka asilimia 97. Wenzangu wanasema hata kusemwa vibaya ni kutangazwa bure. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi

Mdogo wangu, hakuna. Tangazo kweli lilikuwa vituko, Novemba 2024, watu wamevaa nguo za rangi kali wanatembea kwenye jangwa la waridi, nembo mpya inachanganya herufi kubwa na ndogo, gari hakuna, mpaka Elon Musk akawauliza kama wanauza magari. Lilitazamwa sana na lilichekwa sana.

Ila hiyo asilimia 97 itazame vizuri kabla hujaiandika kwenye mtihani. Namba yenyewe ni ya Aprili 2025, Ulaya nzima walisajili Jaguar 49, Aprili ya mwaka uliotangulia zilikuwa 1,961. Inatisha ee? Sasa nenda nyuma kidogo, Jaguar walikuwa wameshaamua kuachana na magari ya mafuta kwenda umeme tupu, wakafunga uzalishaji wa modeli moja baada ya nyingine, Uingereza wakaacha kabisa kuuza magari mapya mwishoni mwa 2024 wakisubiri ya umeme. Duka limeondoa mzigo kwenye rafu halafu unashangaa hakuna mauzo? Hilo tangazo halikuua hizo gari 1,912, hazikuwepo.

Lawama yangu kwao ni nyingine. Ukifunga duka kwa mwaka na zaidi, kitu pekee unachobaki nacho ni kumbukumbu ya watu, na wao hicho ndicho walichokipiga teke, ile sura ya Kiingereza ya kizamani. Na hao wenzako wa "kusemwa vibaya ni kutangazwa bure" waambie hiyo inamfaa mtu mwenye kitu cha kuuza leo jioni. Ukisemwa wiki nzima na huna gari la kumwonyesha mtu, wanabaki na kicheko tu.

Asalaam aleikum. Mimi mtu wa Unguja naishi Ufaransa, naposti mapishi na urembo, wafuasi wengi ni Waswahili wa huku na wa nyumbani. Kampuni ya vipodozi imenitaka nirushe video ya krimu ya "kung'arisha", hela nzuri, sharti nisiseme nimelipwa, nifanye kama nimeigundua mwenyewe. Wenzangu wanafanya. Nifanyeje? – Dada wa Unguja

Waaleikum salaam dada. Hapo ulipo usithubutu. Ufaransa ilipitisha sheria ya mainfluensa Juni 2023, ukilipwa lazima ionekane wazi kwenye video kuwa ni tangazo, na picha ya sura au mwili uliyoichezea kwa filta lazima useme imechezewa. Adhabu inaweza kufika miaka miwili jela na faini euro 300,000, na kampuni ikishakuponza itasema haikujui. Marekani nako Kim Kardashian alilipwa dola 250,000 kusifia sarafu ya mtandaoni bila kusema kalipwa, Oktoba 2022 akakubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza kesi. Yeye anazo.

Hilo neno "kung'arisha" nalo linanipa shaka. Unilever 2020 waliondoa jina la krimu yao ya Fair & Lovely wakaiita Glow & Lovely baada ya kelele za watu kuhusu weupe, na tangu hapo kila mtu anajificha kwenye kung'aa. Kwa hiyo sahau tangazo kwanza, geuza kopo usome nyuma. Ukikuta haidrokwinoni au zebaki, kemikali za kuchubua ngozi, hizo haziruhusiwi kwenye krimu za dukani Ulaya, na nyumbani Tanzania ni marufuku pia, na wanaokufuata ni shangazi zako na wadogo zako watakaopaka.

Ikiwa ni safi, wajibu kwa maandishi kwamba unafanya ila neno la kwamba ni tangazo litakaa juu ya video tangu sekunde ya kwanza. Wakikataa jua hela yenyewe ilikuwa ya kununua hilo neno lisitokee. Na nitumie picha ya orodha ya viambato, toleo lijalo tuipitie pamoja.