Kabla ya kuchora tela, shusha malengo ngazi kwa ngazi

Tela la kwanza nililosimamia lilituangusha kwa sentimita 20. Kila kitengo kilifanya kazi yake vizuri: wa fremu walipunguza chuma, wa springi wakapata ekseli nyepesi, wa bodi wakausogeza ukuta wa mbele ili milango ya nyuma ikae sawa. Tukapakia mifuko 600 ya saruji, yaani tani 30, tukaenda kupima.

Jumla ilikuwa tani 48. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu 50 kwa mpangilio ule: 8 za usukani, 18 za ekseli mbili za nyuma za kichwa, yaani lori linalovuta tela, 24 za ekseli tatu za tela. Lakini zile mbili za kichwa zilisoma tani 18 na kilo 500. Mzigo ulikuwa umesogea mbele pamoja na bodi, kwa zile sentimita 20. Kutoka kingipini, pini inayolishika tela kwenye kichwa, hadi katikati ya ekseli za tela ni mita 8, kwa hiyo kilo 750 zilihamia kichwani. Tulikata na kuchomelea upya wiki mbili nzima.

Ndipo nikajifunza njia iliyoendelezwa Chuo Kikuu cha Michigan na Panos Papalambros na wenzake, ya kushusha malengo kutoka gari zima hadi sehemu zake. Nakushauri uanze nayo ukiwa bado na karatasi tupu.

Juu kabisa weka yale mteja na barabara wanayodai: tani za mzigo, uzito kwa kila kundi la ekseli, kushuka mteremko mkali wa Kitonga bila breki kuchemka. Kisha mpe kila mkuu wa kitengo namba yake. Vipimo vinavyogusa vitengo viwili, kama mahali pa kingipini au pa ukuta wa mbele, mtu asivibadilishe peke yake. Hesabu nyepesi za boriti zinatosha hapa. Programu nzito za kompyuta zina wakati wake.

Muhimu zaidi, majibu yapande juu. Ukishusha namba tu bila kusikiliza, hiyo ni amri. Kwenye tela la pili, wa fremu walirudi wakisema uzito tuliowapa hautoshi. Tukakaa na wa bodi, wakaachia kilo 180, tukapiga hesabu upya mara tatu hadi namba za juu na za chini zikakutana. Hakuna bamba lililokuwa limekatwa bado.