Jibu kwa mleta uzi: pushapu kumi ukutani, bila ukuta hata moja

Mkuu, umesema ukutani unapiga pushapu kumi za kichwa chini miguu juu bila kupumzika, lakini ukitoka ukutani, viwiko vikianza kukunjika tu unaangukia mgongoni. Wachangiaji waliotangulia wanakwambia uongeze nguvu. Mimi nasema nguvu unayo. Mtu wa kumi ukutani hakosi nguvu ya kusukuma moja hewani. Unachokosa ni njia ya kushukia.

Nabashiri kwamba ukutani unakaa ukiwa umeupa mgongo, visigino vimeegemea. Wengi wetu ndivyo tunavyoanza kwa sababu ni rahisi kurusha miguu. Shida ni kwamba hapo visigino vinateleza ukutani na kichwa kinashuka kati ya viganja, na uzito unaoelemea nyuma unabebwa na ukuta. Bila ukuta hesabu hiyo haipo. Mikono ikikunjika, viwiko vinakwenda upande mmoja na mabega yanakwenda upande wa pili, mbele ya vidole. Mabega yakishatangulia hivyo, lazima miguu ielemee kidogo upande wa tumbo ili uzito wote ubaki juu ya viganja. Mwili unashuka kimshazari, na kichwa kinagusa chini mbele ya viganja, si katikati yake. Kichwa na viganja viwili vikae kama mafiga. Ukiona vimepangana kwenye mstari mmoja, ujue umeshuka vibaya.

Kwa hiyo geuka, uangalie ukuta. Panda kwa miguu, viganja viwe hatua ndogo kutoka ukutani, vidole vya miguu tu ndivyo viguse. Sasa ukuta uko upande ambao miguu inatakiwa kuelemea, na mbele ya mabega pako wazi. Shuka kwa sekunde 4 hadi 5, viwiko vikielekea ukutani bila kutanuka pembeni kama mtu anayejipima upana wa mlango. Gusa chini taratibu, sukuma. Wakati wa kupanda, rudisha mabega juu ya viganja kadiri mikono inavyonyooka. Ukinyoosha mikono huku mabega bado yako mbele, ndiyo safari ya mgongoni hiyo. Seti 3 au 4 za mara 3 hadi 5 zinatosha, pumziko la dakika 2 hadi 3, mara tatu kwa wiki kwa kuruka siku. Kumi zako zitageuka kuwa tatu, usivunjike moyo.

Siku nyingine piga pushapu za makalio juu, miguu ukiiweka kwenye kitu kilichoinuka. Huku Bagamoyo vijana wanatumia ukingo wa ngalawa iliyopandishwa pwani (omba ruhusa kwanza, si kila mvuvi anafurahia kukanyagiwa chombo). Njia ni ileile: kichwa mbele, mafiga.

Usawa ni somo la peke yake, na lifanye mwanzoni mwa zoezi, mabega yakiwa hayajachoka. Kabla ya kufikiria kukunja viwiko ukiwa huru, simama kwa mikono sekunde 30 bila kutembeatembea. Vidole ndivyo breki: ukiona unaelekea mgongoni, bonyeza ncha za vidole chini kwa nguvu. Ukiona miguu inarudi upande wa tumbo, vidole havikusaidii tena, unajiokoa kwa kukunja viwiko kidogo na kupeleka mabega mbele. Angalia vizuri hapo: kule kujiokoa ndiko mwanzo wa pushapu yenyewe. Mimi nilianza kuielewa hii harakati nilipoacha kuogopa kule kukunjika, nikaanza kukunja makusudi, robo ya njia chini, kisha juu.

Ukishaweza hiyo robo, anzia chini. Simama kwa kichwa na mikono, mafiga yakiwa yamekaa, kisha sukuma mpaka mikono inyooke. Ukishindwa, rudi tu kwenye kichwa, pa kuangukia ni karibu. Baadaye unaanzia juu, unashuka polepole, unatua kwenye kichwa kwa upole, unapumua, unasukuma tena. Ile ya kugusa na kupanda bila kutulia inakuja yenyewe.

Na jifunze kuanguka. Ukizidiwa kuelekea mgongoni, inua kiganja kimoja, zungusha kiuno, utue kwa miguu pembeni. Asiyejua kutoka hatadiriki kukaa.

Kuhusu mchanga, maana umesema unafikiria kuja kufanyia huku: mchanga mkavu wa juu ni mzuri kwa kujifunza kuanguka, basi. Vidole havina pa kushika na kiganja kinazama. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) maji yakitoka yanakwenda mbali, yanaacha mchanga mgumu uliolowa, hapo ndipo pa kufanyia. Pwani ina mteremko, hivyo elekeza vidole baharini, kifundo cha mkono kinapata nafuu kidogo.

Utawakuta vijana wa sarakasi wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), ambayo watu wengi bado wanaiita Chuo cha Sanaa, kilichoanza mwaka 1981. Waombe wakuangalie. Nakutahadharisha tu, watu wa sarakasi wanataka mwili ulionyooka kama rula. Tanzania ilipeleka vijana China kusomea sarakasi miaka ya 1960, na wanaofuata fani hiyo hawana mchezo na mstari. Kwa pushapu huru mimi naona mgongo kupinda kidogo unapofika chini si dhambi, mradi makalio yamekazwa na mbavu hazijachomoza mbele.

Mwenye presha ya damu isiyodhibitiwa au presha ya macho asifanye haya mpaka daktari amruhusu. Vifundo vya mikono vipashwe moto kila mara. Misuli inazoea haraka kuliko kano, na maumivu ya kano hayaishi kwa wiki moja.

Vile vishikio vya chuma ulivyouliza, subiri. Vinapumzisha vifundo kweli, lakini kichwa kinashuka chini kuliko mikono, kazi inaongezeka sana. Pata tatu safi sakafuni kwanza. Halafu tutupie video, ila ipigwe kutokea pembeni. Ya mbele haituonyeshi mabega yamekwenda wapi.