Vileo vichungu vya Kiitaliano: kipi hutangulia chakula na kipi hukifuata?

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mhudumu katika mkahawa wa hoteli moja huko Watamu, ambako wageni wetu wengi ni Waitaliano. Majuzi mgeni aliagiza kinywaji kichungu kabla ya kula, nikampelekea Fernet-Branca, naye akanieleza kwa upole kwamba hicho hunywewa baada ya chakula. Vileo hivi vinatofautianaje? Tena wenzangu husema kwamba vina kwinini, hivyo vinakinga malaria. Je, ni kweli?
Msomaji, Watamu

JIBU: Ndugu msomaji, utengenezaji wa vileo hivi haupishani sana: mizizi, magamba ya miti, maganda ya matunda na maua huloekwa katika spiriti, kisha huchujwa na kutiwa sukari na maji. Kinachovitenganisha hasa ni wakati wa kunywewa, na nguvu na utamu wake kwa kawaida huendana na wakati huo.

Kabla ya chakula Waitaliano hunywa aperitivo. Hapa ndipo penye Campari, iliyobuniwa na Gaspare Campari mwaka 1860 huko Novara, na Aperol, iliyotoka Padova mwaka 1919. Uchungu wake huleta mate kinywani na kuamsha hamu ya kula, na ndiyo sababu huandaliwa pamoja na zeituni au krispi badala ya chakula kizito. Aperol ina kileo cha asilimia 11 tu; spritz yake hutengenezwa kwa sehemu tatu za prosecco (divai nyeupe ya Kiitaliano yenye mapovu), mbili za Aperol na moja ya maji ya soda, juu ya barafu nyingi. Campari ni kali na chungu zaidi. Kama utajifunza kokteli moja tu, ningependa iwe Negroni, yenye vipimo sawa vya jini, Campari na vermouth nyekundu (divai iliyotiwa mimea ya kunukia), pamoja na kipande cha chungwa. Nakusihi usipunguze Campari kwa kudhani kwamba unamfurahisha mgeni, kwa maana uchungu huo ndio alioufuata.

Amaro, yaani kileo kichungu cha baada ya chakula, huja mwishoni, mara nyingi baada ya kahawa, katika glasi ndogo, bila kuchanganywa au kwa barafu na ganda la chungwa. Averna ya Caltanissetta, Sisilia, inayotengenezwa tangu mwaka 1868, ni nyeusi na tamu kiasi cha kumfaa anayeanza; Montenegro ya Bologna ni laini zaidi. Fernet-Branca, iliyoanzia Milano mwaka 1845, imejitenga na hizo zote: ina kileo cha asilimia 39, utamu wake ni mdogo, na ndani yake mna manemane, zafarani na shubiri, mmea wa jamii ile ile ambayo mama zetu waliipaka kwenye matiti ili kumwachisha mtoto kunyonya. Si ajabu kwamba mgeni wako hakutaka kuanza nayo. Mtu akiagiza “kitu kichungu” bila kutaja jina, mwulize kwanza kama amekwisha kula.

Kuhusu malaria, wenzako wameshika jambo lenye asili ya kweli lakini wamefikia hitimisho la hatari. Gamba la mti wa sinkona, ambamo hupatikana kwinini, limo katika baadhi ya vileo hivi, na mwishoni mwa karne ya 19, Italia yenyewe ilipokuwa ikisumbuliwa na malaria, Felice Bisleri wa Milano aliuza kileo cha sinkona na chuma kama kinywaji cha kuongeza nguvu mwilini. Hata hivyo, sinkona iliyomo katika chupa za leo huwekwa kwa ajili ya ladha, nayo ni kidogo mno kuweza kukinga au kutibu ugonjwa huo. Mgeni mwenye homa apelekwe hospitali akapimwe damu siku hiyo hiyo, na asipewe kileo chochote kwa jina la dawa.