Vijiko vya Zamani Kuwa Pete na Vikuku: Maswali Yenu

Marehemu bibi ametuachia vijiko na visu vyeupe, vizito. Nataka kuwafanyia binti zangu vikuku. Nitajuaje kama ni fedha kweli? (Mama, Mkomani, Lamu)

Mama, kabla ya nyundo, tazama mgongo wa mpini kwa kioo cha kukuzia. Nambari 925 maana yake katika kila sehemu 1,000, fedha ni 925. Iliyosalia kwa kawaida ni shaba, ya kuipa nguvu. Vya Ujerumani mara nyingi huandikwa 800. Kwa vya Uingereza vya zamani, tafuta simba anayetembea, kisha alama ya mji: kichwa cha chui ni London, na nanga ni Birmingham, ijapokuwa mji huo uko mbali na bahari.

Ukikuta herufi EPNS, hiyo ni shaba, nikeli na zinki, fedha imepakwa juu tu. Usivunjike moyo. Hukunjika kikuku kizuri, ila kisitiwe moto wala kupigwa tupa, kwani fedha ya juu ikitoka nikeli hubaki wazi, na wapo watu huwashwa nayo. Sumaku haitakusaidia: haivuti fedha, na EPNS kwa kawaida haiivuti pia.

Visu viweke kando. Mipini yake mingi ni mitupu, imejazwa utomvu au lami, na ikipata moto inaweza kumpasukia fundi usoni.

Sonara ananishauri tuyeyushe vijiko vyote, afue upya. Nikubali? (Langoni, Lamu)

La, ndugu yangu. Wafua fedha wa zamani waliyeyusha reale, sarafu za fedha, za Maria Theresa bila kujuta, maana zilikuwa nyingi na zote zimeandikwa mwaka mmoja, 1780. Mpini wa kijiko una ua lake, una alama ya aliyeufua, pengine na herufi za jina la mwenyewe. Ukiyeyuka, umebaki na uzito tu. Mwambie akate shingo ya kijiko, mpini aukunje uwe pete, na ile sehemu ya kuchotea aipige bapa iwe kidani. Na ujira mlipe kamili, kwa sababu kukunja bila kufuta nakshi kunataka mkono mtulivu kuliko kuyeyusha.

Nimepiga uma wa 925 uwe pete, ukapasuka. Kwa nini? (Kijana, Malindi)

Fedha ikipigwa hukakamaa. Ukihisi inagoma, simama uilainishe: ipashe moto mpaka iwe nyekundu hafifu, itumbukize majini, ndipo uendelee. Fanya hivyo kivulini, kwani juani wekundu huo hauonekani, nawe utazidisha moto mpaka iyeyuke. Nyundo iwe ya mti. Urefu pia upime kabla ya kukata: chukua upana wa ndani wa pete, ongeza unene wa fedha, zidisha kwa 3.14. Pete ya milimita 18 kwa fedha ya milimita 2 inataka karibu milimita 63.

Tumekatazwa kula kwa vyombo vya fedha. Je, pete iliyotokana na kijiko? (Mzee, Mambrui)

Mzee wangu, katazo lililopokewa katika hadithi ni la kula na kunywa kwa vyombo hivyo. Pete ya fedha Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliivaa. Kijiko kilichofungiwa sandukuni miaka yote, mimi nafurahi kikipata kazi kidoleni.

Pete yangu inaingia weusi. (Dada, Lamu)

Ni salfa ya hewani. Ile harufu ya matope ya mikoko maji yakitoka ni jamaa yake. Tandika foili ya aluminiamu ndani ya bakuli, tia pete, soda ya kuokea na maji ya moto. Pete yenye jiwe usiifanyie hivyo. Na weusi ulio ndani ya nakshi uache, ndio unaolionyesha ua.

Naweza kutia kigae cha sahani ya Kichina, kama pete za Lamu? (Malindi)

Kigae cha sahani iliyovunjika nyumbani, tia, tena ukisage pembe zake kwa msasa uliolowa maji, vumbi lake lisiingie kifuani. Cha Gedi au Takwa usikiguse. Vitu vya magofuni vinalindwa na sheria ya Kenya ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, na kigae kikishaondolewa pale kilipolala, watafiti hawawezi tena kukisoma.