Re: Ukichagua kwenye gemu, hadithi inabadilika kweli?

Ndugu, umeuliza kama maamuzi ya mchezaji yanabadilisha kitu, au njia zote zinaishia palepale. Inategemea gemu. Kwa The Witcher 3, iliyotengenezwa Poland na kutoka 2015, yanabadilisha, tena yanauma.

Kuna roho imefungwa chini ya mti mkubwa. Inakuomba uifungue, nayo itawaokoa watoto yatima walio mikononi mwa wachawi watatu wa kinamasi. Nimekulia huku Dodoma, kwenye mibuyu ambayo wazee walitukataza kuichezea, kwa hiyo nilikaa na padi mkononi muda mrefu, wenzangu kibandani wananihimiza. Nikaifungua. Watoto walipona. Lakini kijiji kiliangamia, mke wa Baron, yule mtawala wa eneo lile, akafa, na Baron mwenyewe akajinyonga. Ukiiua ile roho, mke wa Baron anabaki hai ila akili zimemruka, mumewe anaondoka naye kumtafutia tiba, na watoto huwaoni tena.

Na huyo Baron ni mlevi aliyekuwa akimpiga mkewe, halafu unamkuta anahangaika kumtafuta kwa uchungu wa kweli. Sikuweza kumsamehe, wala kumchukia. Mhusika wa namna hiyo ndiye anayeupa uamuzi wako uzito.

Baldur's Gate 3 ya 2023 nayo ni nzuri, ingawa humo mambo mengi yanaamuliwa na kete ya pande 20.

Anza na Witcher. Usiangalie miongozo mtandaoni kwanza, na ukishachagua usirudi nyuma kubadilisha.